Masaa 30 ya nasari hapa England: ni ya mtoto au ni ya kazi ya mzazi?

Kila ikifika mwisho wa Agosti simu yangu inajaa meseji za wamama wenzangu, na swali ni lile lile, masaa 30 ya nasari nayapataje. Nawaelekeza ninavyojua, ila kuna jambo linanikaa moyoni kila nikieleza na leo nataka nilitoe lote.

Kwanza mpango wenyewe, na naongelea England tu maana Scotland na Wales wana ya kwao. Jeremy Hunt aliutangaza kwenye bajeti ya Machi 2023, ukaja kidogo kidogo, na tangu Septemba 2025 mtoto kuanzia miezi 9 hadi anapoanza shule anaweza kupata masaa 30 kwa wiki serikali inalipa. Sharti wazazi wote wawili wawe kazini, au wewe mwenyewe kama unalea peke yako, kila mmoja aingize angalau sawa na masaa 16 ya kima cha chini cha mshahara kwa wiki (Aprili 2025 ilikua kama pauni 195 ukiwa na miaka 21 kwenda juu) na asivuke pauni 100,000 kwa mwaka. Pembeni kuna yale masaa 15 ya kila mtoto wa miaka 3 na 4, hayo hakuna anayekuuliza unafanya kazi wapi wala una viza gani.

Hapo ndo penye hoja yangu. Yale 15 ni ya mtoto, yale 30 ni ya kazi ya mzazi, mtoto anayafaidi tu kwa sababu mama na baba wana paysilipi.

Wanaoutetea wana hoja na mimi siipuuzi. Nimewaona wadada wanafanya kazi mwezi mzima mshahara wote unaishia nasari, mwisho wanaacha kazi wanakaa nyumbani miaka 4, wakirudi wanaanza chini kabisa. Hela ya serikali ina mwisho wake, kwahiyo kusema tuanze na aliye kazini ili asiache kazi, na kodi iendelee kuingia, ina mantiki. Na kuanzia miezi 9 ni kitu kikubwa sana kwa mtu asiye na mama yake wala wifi karibu wa kumshikia mtoto, na wengi wetu huku ndo tuko hivyo.

Lakini angalia nani anabaki nje. Wawili wenye pauni 99,000 kila mmoja wanapata. Nyumba ambayo baba anafanya kazi na mama anasoma kozi ya kumpeleka kwenye unesi hawapati, maana kusoma peke yake hakuhesabiki kama kazi. Na hii ndo inaniuma zaidi, mume na mke walioletwa na viza ya kazi, wote wanahudumia wazee kwenye nyumba za kulelea, wanakatwa kodi kila mwezi, ila viza zao wote zimeandikwa hawaruhusiwi fedha za umma, basi 30 hawana, wanasubiri mtoto afike miaka 3 wapate yale 15.

Scotland walichagua njia nyingine, tangu Agosti 2021 kila mtoto wa miaka 3 na 4 ana masaa 1,140 kwa mwaka, hakuna swali la kazi. Hesabu ni ile ile ya England, 30 mara wiki 38 za mwaka wa shule ni 1,140. Ila wachanga wa kule wengi hawamo, kwahiyo anayerudi kazini mtoto akiwa na mwaka mmoja anajilipia. Hapo kuna kupata na kukosa pande zote, na mimi nikilazimishwa kuchagua nasimama na Scotland.

Halafu neno bure. Sisi wa Tanzania tunalijua, 2016 ada zilifutwa shule za serikali tukaita elimu bure, uniform na madaftari vikabaki kwa mzazi. Huku wiki ni 38 tu, ukitaka mwaka mzima yale 30 yanatandazwa yanakua kama 22, yani siku mbili za kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni na kidogo juu. Bado kuna chakula na nepi. Kisheria hayo ni hiari, unaweza kukataa au kuleta vyako, lakini mzazi mgeni anayeogopa kupoteza nafasi analipa tu. Na siwalaumu nasari peke yao, wachanga ni mlezi 1 kwa watoto 3, miaka miwili 1 kwa 5, Aprili 2025 kima cha chini kilipanda na mchango wa mwajiri wa bima ya taifa (National Insurance) ukaenda asilimia 15, huku bei ya masaa hayo haipangwi na wao.

Dada mmoja ninayesali naye alianza kazi Agosti, akaona angoje paysilipi ya kwanza ndo aombe. Haikuhitajika, wanaangalia unachotegemea kuingiza miezi 3 ijayo. Akaomba tarehe 6 Septemba, ile code ya tarakimu 11, namba unayoipeleka nasari, akaipata vizuri, lakini kwa muhula wa Septemba ilitakiwa iwe mkononi kufika 31 Agosti, kwahiyo mwanae wa miaka miwili akasubiri hadi Januari. Tarehe nyingine ni 31 Desemba na 31 Machi, na ukishapata unathibitisha upya kila miezi 3. Miezi ile minne alikua anabadilishana shifti na mumewe mlangoni, mmoja anatoka mwingine anaingia, na mtoto hakwenda nasari hata siku moja.