Lessor na lessee: mwenye shamba ni yupi?

Lessor na lessee ni maneno ya Kiingereza yanayoachana mwishoni tu, lakini kwenye mkataba wa shamba ndiyo yanayosema nani ana ardhi na nani anaitumia kwa muda. Lessor ni mwenye shamba anayelikodisha. Lessee ni yule anayelipa ili alime, kisha muda ukiisha aondoke. Katika ukanda wetu wa miwa hapa Kenya, kuanzia Muhoroni na Chemelil hadi Kakamega na Bungoma, wapo wengi wanaotia sahihi bila kujua wameandikwa upande upi. Linaniuma, kwa sababu kosa si lao.

Muulize mtu ambaye hakusomea sheria, na huenda akakwambia lessee ndiye anayepokea pesa. Hajabahatisha, amefikiri. Anajua employer hulipa mshahara na employee hulipwa, basi akaona -ee ni alama ya mwenye kupokea hela. Kumbe -ee haifuati hela, inafuata kinachotolewa. Anayepewa kazi ni employee. Anayepewa shamba alitumie ni lessee, na huyo ndiye anayelipa.

Mikataba mingi ya miwa huwa na kifungu kinachosema lessee atang'oa visiki na kurudisha shamba likiwa safi. Muwa wa kwanza hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, halafu yanafuata machipukizi, kwa hiyo mkataba unapoisha visiki vimeshika ardhi sawasawa na bila trekta hutoboi. Mama mmoja jirani yetu alikuwa ameshatafuta mnunuzi wa ndama wake ili alipie trekta hiyo. Mkataba ulikuwa kabatini ndani ya bahasha ya kaki, sahihi yake iko kila ukurasa, na kila ukurasa unamwita lessor. Kazi ya visiki haikuwa yake hata kidogo. Aliposomewa kwa lugha anayoielewa, ndama alibaki zizini na aliyekodi akatafutwa.

Kwenye mkopo mambo ni mazito zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamwita anayeweka shamba rehani chargor, na benki inaitwa chargee. Hapa tena aliyepokea pesa si mwenye -ee. Benki ndiyo iliyopewa dhamana, ndiyo maana ikaitwa chargee. Sheria hiyo inataka mkopaji aliyeshindwa kulipa apewe notisi ya siku 90, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya shamba kuuzwa. Hizo ndizo siku za kutafuta wakili, kuita familia, kuomba benki ipange malipo upya. Mtu asiyejua kama chargor ni yeye au ni benki atazimalizaje siku hizo?

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imeweka Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Sioni sababu ya wakili wa Kisumu au Kakamega kumpa mkulima kurasa sita za Kiingereza pekee. Na sisemi Kiswahili kitatibu kila kitu. Tuna kukodi na kukodisha, lakini mtaani mtu husema "nimekodisha shamba" awe analitoa au analichukua. Kwa hiyo hata mkodishaji na mkodi hayatoshi. Andikeni "mwenye shamba" na "aliyekodi shamba", kuanzia ukurasa wa kwanza hadi mahali pa sahihi. Hakuna atakayepotea hapo.

Serikali yenyewe ilipotangaza mwaka 2025 kwamba inakodisha viwanda vya sukari vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony kwa miaka 30, nilisikia watu wazima wakibishana kama vimeuzwa. Serikali ni lessor, mali bado ni ya umma. Wakulima walistahili kuelezwa hivyo waziwazi, tena mapema.

Kwa mashamba yetu, pa kuanzia pako tayari. Sheria inataka ukodishaji wa ardhi ya kilimo upate kibali cha bodi ya ardhi. Wanabodi wamwombe kila upande aeleze kwa mdomo wake, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, nani analipa, nani anang'oa visiki na shamba linarudi kwa nani. Majibu yasipolingana na karatasi, wasitoe kibali siku hiyo.