Trekta Langu Linaomba Ruhusa

Mnaouliza Tanga kunani, njooni Pongwe nyumbani kwangu. Kuna trekta, Massey Ferguson 135, iliyokuwa imenyoosha mkono mmoja juu kama mtoto wa darasa la pili anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Ilianza hivi. Plau ilikuwa ikipanda vizuri, ila ukizima injini inateremka yenyewe. Ukienda kunywa chai ukirudi, imeshakaa chini. Mke wangu akasema, "Limechoka kama mwenyewe." Fundi akaja, akaweka sikio (asikilize nini, injini imezimwa!), akatoa hukumu: oringi ya pistoni inayonyanyua plau imekwisha, oili inapita pembeni.

Oringi yenyewe kimpira tu. Ila kukifikia, loh! Kiti kitoke, boliti zote zitoke, halafu kile kifuniko cha chuma chini ya kiti kinyanyuliwe na vijana wanne, maana silinda ya hiyo pistoni imening'inia kwa ndani. Na kila kijana anataka soda kabla na wali baadaye. Wiki mbili tukangoja oringi.

Kurudisha ndiko kulikonitoa roho. Shafti ya kunyanyulia ina meno huku na huku, mikono miwili inayobeba plau inavishwa humo. Aliyeitengeneza aliweka doti kwenye shafti na doti kwenye mkono, zitazamane basi. Fundi wangu akacheka. "Mzee, doti ni za wanafunzi. Mimi naenda kwa jicho."

Jicho likaruka jino moja. Tukawasha, nikavuta kifimbo: mkono wa kulia uko kifuani, wa kushoto uko magotini. Fundi akainama, akatazama, akasimama. "Mzee, kiwanja chako kimelala upande."

Kiwanja! Nikamwambia nyumba nimejenga hapo hapo na uji haumwagiki. Akataka kuzungusha kile chuma cha kulia cha kusawazishia plau ili kufunika aibu yake. Nikamwambia kile ni cha plau, si cha madhambi.

Alipoondoka, nikashika tochi na kitambaa nilichokikuta kambani, nikafuta grisi. Doti hiyo hapo, kama punje ya mtama. Nikauchomoa mkono, nikaurudisha jino moja nyuma, doti zikatazamana kama wachumba. Nikawasha: mikono sawasawa! Nikazima, nikalala. Alfajiri plau bado iko juu.

Kitambaa, kumbe, kilikuwa kanga ya mke wangu. Jina la kanga sasa linasomeka nusu.

Haya, yaliyopita si ndwele. Masika imeanza, majirani wanalima, nikaenda chini ya mwembe kuchukua kiti nikifunge. Kiti cha chuma, kimebonyea kama bakuli, kilikaa pale wiki zote hizo. Ndani yake kuku wa mke wangu kaatamia mayai tisa, ananitolea macho.

"Asiguswe mpaka aangue," sauti ikatoka jikoni.

Siku 21. Nimeanza kuhesabu leo.