Samaki wa Asilimia

Mtu wa Arusha mfundishe yote, ila kununua nyama usimfundishe. Unasimama buchani, paja linaning'inia mbele ya macho yako, unanyoosha kidole: kata hapo, weka na mbavu kidogo, na hicho kimfupa unachokisukuma na kiwiko kiondoe kwenye mizani, nakuona. Mnabishana, mnacheka, unaondoka na nyama uliyoiona. Haya, sasa nenda kanunue fishi finga, vile vijiti vya samaki vya kugandishwa.

Sikuamka tu nikazitamani. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaishi Uingereza. Kaja likizo, katuachia mtoto wa miaka sita, mwenyewe kateremka Zanzibar kupumzika. Kupumzika na nini, sikuuliza. Mtoto ndizi hali. Mtori aliutazama mpaka ukapoa. Makande alipowekewa akauliza tunafuga kuku wangapi.

Ningekuwa mimi nimesema hivyo mbele ya marehemu bibi yangu kule Marangu, leo msingekuwa mnanisoma. Lakini mtoto wa ng'ambo hapigwi, anatumiwa ujumbe. Mama yake akaandika: "Shemeji, mnunulie fishi finga. Ziwe za minofu, siyo za samaki wa kusaga. Samaki asipungue asilimia 60. Na uangalie zisiwe zimeyeyuka zikagandishwa tena."

Mahari yenyewe haikuwa na masharti mengi hivyo.

Basi nikaingia supamaketi, moja ya hizi za mjini zenye kiyoyozi na mlinzi anayekukagua risiti utadhani unavuka Namanga. Nikafungua friza. Mimi nilidhani nitakuta boksi moja, nilipe, niende. Nikakuta ukoo! Boksi la buluu, boksi la dhahabu, boksi la familia, boksi lenye mzee wa ndevu nyeupe na kofia ya baharia anayenichekea kama ananidai. Picha ni ileile kwenye yote: vijiti vimekaangwa vizuri, kipande cha limau, jani la kijani. Limau ndani hamna. Jani hamna. Nilimuuliza binti mhudumu.

"Baba shikamoo, naomba ufunge friza, baridi inatoka."

Marahaba binti. Nikafunga. Sasa kupitia kioo maandishi hayasomeki, kioo kimejaa ukungu. Nikafungua tena.

Viungo vinaandikwa kwa uzito, kizito kinatangulia. Hilo nalijua kwa sababu mke wangu husoma hata pakiti ya royco. Boksi la kwanza samaki asilimia 58. Nikarudisha. La pili, la bei nafuu, samaki wa kusaga asilimia 43! Kinachobaki ni unga wa ngano, maji, mafuta, wanga, chumvi, na manjano ya kutia rangi. Ndugu zangu, hiyo si samaki, hiyo ni andazi lililopita karibu na bahari. Na wameliweka kwenye friza ya samaki bila aibu.

"Baba, friza."

Nikatoa simu, nikasimama pembeni kama mtu wa heshima, nikasoma. Kumbe hivi vitu vina historia. Marekani, kampuni ya Gorton's ilianza kuviuza mwaka 1953. Uingereza, Birds Eye wakafuata 1955. Waingereza walionjeshwa vya samaki aina ya herring na vya cod, wakachagua cod, yule asiye na ladha ya kumkera mtu. Ndipo nikaelewa makande yangu yalikosea wapi. Na namna vinavyotengenezwa: minofu inabanwa, inagandishwa kuwa tofali, halafu tofali linakatwa kwa msumeno. Msumeno! Samaki ninayetafutiwa na shemeji amepitia kwa seremala.

Boksi lenye asilimia 64, za minofu, nikalipata chini kabisa. Samaki wake ni pollock wa Alaska, anavuliwa kule kwenye bahari ya Bering, kati ya Urusi na Marekani, kwenye baridi ambayo hata Kilimanjaro haina habari nayo. Huku Mwanza viwanda vinachuna minofu ya sangara vinaipeleka Ulaya. Yaani samaki wetu anaenda kwao, wa huko kwenye barafu anakuja Arusha, wanapishana baharini kila mmoja ndani ya kontena lake, hata kusalimiana hakuna. Na nauli ya wote wawili nalipa mimi. Kwa hela ya boksi lile pale Kilombero napewa sato wa maana, ana kichwa na mkia, namfunua shavu naangalia wekundu, nikikuta kijivu namrudisha kwa mama muuzaji na maneno juu. Boksi utalifunua shavu wapi?

Ila kuna namna. Kama vijiti viliyeyuka umeme ulipokatika kisha vikagandishwa tena, vinashikana kuwa bonge moja na ndani panajaa theluji. Vikiwa salama vinagongana. Kwa hiyo nikaanza kutikisa maboksi sikioni, moja baada ya jingine. Hili bonge. Hili nalo bonge. Hili linaongea! Mama mmoja akamvuta mwanawe akahamia upande wa sabuni.

"Baba..."

Nafunga, binti, nafunga.

Boksi linasema litunzwe kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Halisemi lolote kuhusu kifodi, ile daladala ndogo, cha kwenda Kwa Mrombo saa saba mchana, watu wanne kwenye siti ya watatu, na foleni. Nililipakata. Goti la kulia likafa ganzi, la kushoto la jirani yangu likafa ganzi, akaniuliza mzee umebeba nini, nikamwambia samaki, akasema mbona hanuki. Nikamwambia ndiyo sifa yake.

Nyumbani wanataka oveni, nyuzi 200, dakika 15. Mke wangu akaangalia maelekezo, akaangalia jiko letu la gesi la plati mbili, akachukua kikaango.

Mtoto akaletewa. Akafurahi, akapiga makofi. Akachukua kijiti cha kwanza, akakibandua lile ganda la nje, akala ganda, samaki akamweka pembeni mwa sahani. Cha pili vilevile. Vyote.

Shemeji kaandika kutoka Zanzibar: "Vipi, amekula? Samaki ilikuwa asilimia ngapi?"

Nimemjibu: "Amekula 36. Hizo 64 anazo paka."