Sumaku Haikushika

Jumamosi, hata chai sijanywa, geti linagongwa. Nafungua: kijana na baiskeli, mzani unaning'inia kwenye usukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kulichukua."

"Kuchukua nini?"

Akanyoosha kidevu nyuma yangu. Nikageuka, labda nimeacha ndoo mbovu. Alikuwa analiangalia gari. Gari langu! Peugeot 504, ile ndefu yenye safu tatu za siti, la mwaka 1979, nililoachiwa na marehemu mjomba.

"Natoa mia saba kwa kilo, mzee wangu. Kwa wengine natoa mia tano, ila wewe nakuheshimu."

Ndugu zangu, nimetukanwa mimi. Nimetukanwa na makondakta, nikatukanwa na mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi minne. Lakini kupimwa kwa kilo kama dagaa, mbele ya geti langu mwenyewe hapa Chang'ombe, Dodoma, hapana.

Nikafunga mikono nyuma kama mkuu wa mkoa anayekagua mradi. Nikamwambia kijana, sikiliza. Hili toleo lilianza 1968. Hawa ndio waliobeba Afrika Mashariki kabla wewe hujazaliwa, watu saba ndani na mbuzi juu ya keria. Kaka yake, 404, alishinda mbio za magari za Safari 1966 na 1967, dereva Bert Shankland, mkazi wa hapa hapa Tanzania. Na hili lenyewe, 504, likashinda 1975.

Akaliangalia kwa adabu. "Hili hili?"

"La aina yake."

"Sasa mzee, ule ushindi unaongeza kilo?"

Nilitaka kumfukuza pale pale. Kosa langu nikauliza, kwa udadisi tu, kwamba zima zima lingefika kilo ngapi. Akasema magari haya yana tani moja na kilo kama mia tatu, lakini tutoe siti, tutoe vioo, tutoe matairi. Nikasema matairi mawili ni mapya. Akasema matairi si chuma. Halafu akatoa mfukoni sumaku iliyofungwa kamba, kama daktari anavyotoa kile kidude chake cha kusikilizia kifua.

Akaiweka kwenye boneti. Tap! Ikashika. Nikamtazama kwa dharau. Akaiweka kwenye mlango wa dereva. Ikateleza taratibu, ikaanguka vumbini. Akaiokota, akaifuta, akaiweka tena. Ikaanguka. Akahamia mlango wa nyuma, ikaanguka. Juu ya tairi la nyuma, ikaanguka. Akanikazia macho.

"Mzee, hiki si chuma."

"Ni nini?"

"Puti. Ile plasta ya kuzibia bodi."

Akagonga kwa kifundo cha kidole. "Sikia. Chuma huwa kinalia. Hii inaguna."

Kweli, iliguna. Nikagonga na mimi, ikaguna. Mama Neema akatoka jikoni na mwiko, akagonga na yeye. Jirani akachungulia juu ya ukuta, akauliza tunatafuta nini. Kijana akazunguka gari zima na sumaku yake, mimi nyuma yake kama mfiwa anayefuata jeneza, na kila ikianguka anataja hesabu: hapa toa kilo tano, hapa toa kilo nane. Tulipofika mlango wa nyuma kabisa, ule wa mizigo, hata hakuiweka. Alibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaingia.

Sasa nisikilizeni. Mwaka juzi nilimpa fundi wa gereji bubu laki nne na nusu anyooshe bodi. Alisema atakata kutu yote na kuchomelea bati jipya. Kila wiki alikuwa ananipigia: bosi, gesi ya kuchomelea imeisha. Natuma. Bosi, gesi tena. Natuma. Gesi ya kuchomelea nini? Ilikuwa inachomelea nini, kama gari zima limekandikwa kama nyumba ya tembe? Nilimpikia gesi nyumbani kwake miezi mitatu! Watoto wake wamekula wali wa gesi yangu! Mimi hapa kwangu natumia mkaa!

Samahani. Chai ilikuwa bado.

Wala siwalaumu Wafaransa. Wao kwao waliacha kulitengeneza gari hili 1983, wakajua muda wake umetosha, mimi ndiye sikuambiwa. Springi za nyuma lina nne, wenzake wana mbili, na ukibadilisha moja zilizobaki zinanuna. Gia iko kwenye usukani, bushi zimekwisha, natafuta namba mbili napata rivasi. Spea nyingine mpaka niagize Gerezani, Dar, inakuja na basi, na ikifika ni ya gari jingine. Trafiki siku hizi hanisimamishi, ananipungia mkono wa pole.

Feni ndiyo iliyonimaliza. Feni ya 504 ina sumaku ya umeme ndani: maji ya rejeta yakipata moto, sumaku inaikamata feni, inazunguka; yakipoa, inaiachia. Ufundi mzuri sana kwa nchi zenye baridi na zenye mafundi. Yangu ikaacha kukamata. Nikachemsha kati ya Buigiri na Ihumwa saa saba mchana, jua la Dodoma lile, gasketi ikaenda, oili ikawa rangi ya chai ya maziwa. Fundi, yule yule wa gesi, akaikaza feni kwa bolti izunguke moja kwa moja, usiku na mchana. Sasa gari halichemshi, linakunywa mafuta. Treni ya SGR tangu 2024 inafika Dar kutoka hapa kwa saa tatu na ushei. Mimi saa tatu na ushei natoka Chang'ombe nafika Ihumwa, na sehemu ya safari nasukumwa.

Kumbukeni 2017, serikali ilipofuta ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ikaihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita. Sisi wenye magari yanayolala nyumbani tulishangilia. Siku langu lilipoamka nikalipia ada ya mtaa mzima.

Kwa hiyo gari langu lina sumaku isiyoshika mbele na bodi isiyoshikwa na sumaku pembeni. Kijana akamaliza hesabu yake kwenye kiganja kwa kalamu. Sitaitaja. Nilinunua betri kwa zaidi ya hapo.

"Basi mzee, nifungue siti nianze?"

Hapo Mama Neema akaweka mwiko katikati yetu. Safu ya tatu ina kuku.

Sikuwa na habari. Kioo cha nyuma hakipandi tangu Krismasi, kuku wa jirani ameingia, amelalia mayai kumi na moja kwenye siti ya mjomba. Jirani, bado ameegemea ukuta, akasema mayai ni yake. Mama Neema akasema kuku ni wako, mayai yametagwa kwetu, na mtama alioula ni wa kwangu niliouanika juu ya boneti pamoja na mlenda. Jirani akasema basi twende kwa balozi. Kijana wa vyuma, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema kwao Kongwa mayai ya namna hiyo yanagawanywa nusu kwa nusu.

"Kumi na moja unayagawaje nusu?" Mama Neema akamuuliza.

Akatoa kalamu tena.