Boksi Lililofungwa Halina Kazi Mwanza

Hapa Uingereza kuna watu wenye vyumba vizima vya midoli ya filamu za kisayansi ambayo haijawahi kuguswa na mkono wa mtoto. Roboti, wanaanga, meli za anga, vyote vimekaa ndani ya plastiki yake ya dukani, na kona ya boksi ikibonyea kidogo tu bei inaporomoka. Mwanza mambo ni kinyume. Mdoli ukifika Mabatini unafunguliwa siku hiyo hiyo, na baada ya muda una mguu wa waya. Wenzetu wengi wa ughaibuni wakiona hivyo wanasikitika, wanasema nyumbani hatujui kutunza. Mimi nasema nyumbani ndiko wanakojua matumizi ya kitu, na huku ushabiki unakoelekea kutamuumiza mtu wa Mwanza mapema kuliko mtu wa Birmingham.

Tuanze na boksi. Midoli ya filamu ya Star Wars ya kampuni ya Kenner ya Marekani, ile ya urefu wa sentimita 9.5, iliingia madukani mwaka 1978, na hapa Uingereza ilisambazwa na Palitoy ya mji wa Coalville. Ukiikuta leo haijafunguliwa ni ghali kwa sababu moja tu: watoto wa wakati ule waliifungua karibu yote. Uhaba ulitokana na kuchezewa. Sasa hivi kitu kinatengenezwa moja kwa moja kiwe cha kumbukumbu, kimeandikwa hivyo kwenye boksi, na kila anayekinunua anakifungia kabatini. Uhaba utatoka wapi? Anayemtumia mdogo wake Nyakato boksi la namna hiyo na kumwambia “tunza, miaka ishirini utauza” anampa mzigo.

Isitoshe, plastiki yenyewe haikubaliani na mpango huo. Sehemu laini za midoli, kama makoti, nywele na mikono inayopinda, huwa ni PVC iliyochanganywa na kemikali ya kulainisha. Kemikali hiyo hujitokeza juu taratibu, na joto huiharakisha. Ndani ya boksi lisilopitisha hewa haina pa kwenda, kwa hiyo inakaa juu ya mdoli na kuufanya unate kama umepakwa asali. Nyumba nyingi za huku zina baridi ya kutosha kuchelewesha jambo hilo. Chumba chenye bati juu pale Igoma hakina baridi hiyo. Ukiukuta mdoli unanata, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, tumia mswaki laini kwenye maungio, uanike kivulini, kisha uuache wazi penye hewa. Usipake spiriti wala tina: vinaondoa rangi, na tina inaweza kuyeyusha uso wa plastiki. Unato unaweza kurudi, unaosha tena.

Plastiki ngumu nyeupe, ABS, nayo hugeuka njano kwa mwanga wa jua. Kioo cha dirisha hakiisaidii sana, maana kinapitisha sehemu kubwa ya miale inayoleta madhara. Rafu ikae ukuta usiopigwa na jua, basi. Na midoli ya kuchapwa kwa mashine za 3D ambayo vijana wameanza kuagiza, ulizeni kwanza ni plastiki gani. PLA hulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, na buti ya basi la kutoka Dar mchana wa jua si mahali pake. PETG inavumilia zaidi.

Kuna habari moja ambayo kila mtunzaji wa maboksi angepaswa kuikumbuka. Doctor Who, tamthilia ya kisayansi ya BBC iliyoanza Novemba 1963, ilipoteza vipindi vyake vingi kwa sababu wenyewe walifuta kanda. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi tisa vilivyodhaniwa vimepotea vimepatikana, na vilipatikana Jos, Nigeria, kwenye kituo cha televisheni. Nakala zilizotumwa Afrika zionyeshwe ndizo zilizobaki. Sisi Tanzania Bara tusingeweza kuwaokoa hata kidogo, maana televisheni ilitufikia miaka ya 1990 tu, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973. Filamu za kisayansi sisi tulizijua kwa kanda za video, kibanda umiza, na mtafsiri anayempa stelingi maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyawazia. Waacheni wasafishaji wa lugha waseme. Safari ya kurudi nyuma katika wakati mara nyingi inaeleweka vizuri zaidi kwa mtafsiri kuliko kwenye filamu yenyewe.

Kwenye diski ndipo pesa za watu zinapopotelea. Diski za filamu zina kanda za kuuzia, yaani maeneo ya dunia. Kwa DVD, Marekani ni kanda 1, Uingereza kanda 2, Tanzania kanda 5. Deki nyingi za bei nafuu hazijali, zinacheza zote, lakini za kampuni kubwa zinagoma. Blu-ray zimegawanywa kwa herufi: Marekani ni A, Uingereza na Afrika ni B. Maana yake Blu-ray iliyonunuliwa Leicester itacheza Kirumba bila tatizo, na iliyonunuliwa Chicago huenda ikatoa ujumbe wa kukataa tu, hata kama diski haina mkwaruzo. Filamu za 4K hazina kanda kabisa, lakini zinataka deki ya 4K. Diski za gemu za PlayStation 4 na 5 nazo hazina kanda, ila nyongeza za kununua mtandaoni lazima ziwe za eneo lile lile la diski. Hapo wengi wananasa.

PlayStation 2, ambayo bado inakula mkate katika vibanda vya gemu, ina kanda na ina umeme wake. Geuza mashine usome namba inayoanza na SCPH. Ikiishia na 1 ni ya Marekani, 3 ni ya Uingereza, 4 ni ya Ulaya bara. Ile nene ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 yetu, ukibahatika inaungua fyuzi, usipobahatika inaungua pawasaplai nzima. Xbox 360 ya Marekani ni hivyo hivyo: tofali lake la umeme limeandikwa 100–127V. Dawa ni kununua tofali la 230V, au transfoma ya kushusha yenye uwezo unaozidi matumizi ya mashine. Kwa mashine ya wati 200 usishuke chini ya VA 300. Penye maandishi 100–240V huhitaji chochote zaidi ya plagi. Ndiyo maana kwa anayetuma mzigo Mwanza, Uingereza ni jirani kuliko Marekani: volti zilezile, hata plagi ya miguu mitatu ni ileile.

Huku mtu ananunua mashine, anaiweka chini ya televisheni, na hajui kuna feni ndani. Pale kando ya ziwa huna anasa hiyo. Usiku wa mwezi mchanga wadudu wa ziwani wanafuata taa, na nyumba za karibu na maji, kuanzia Kirumba hadi Igombe, zinaamka na tabaka lao dirishani. Mashine ikiwa inapumua hapo, wanavutwa na feni, wanagandana na vumbi la kiangazi kwenye mapezi ya shaba au alumini, na joto linakosa njia. Dalili ni feni kupiga kelele, kisha mashine kujizima katikati ya mchezo. Iweke mbali na dirisha, weka wavu, na ukimaliza kucheza ifunike ikiwa imeshapoa, siyo ikiwa inafanya kazi.

Kusafisha PlayStation 5 si kazi ya fundi. Chomoa umeme, ng’oa mabamba ya pembeni kwa mkono, utaona matundu mawili ya kukusanyia vumbi. Nyonya kwa mashine ya kufyonzea au puliza hewa huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke. Ishia hapo. Wapo mafundi wazuri sana Mwanza, lakini wamezoea PlayStation 3 na 4, ambako kubadilisha pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa ni kazi ya kawaida. PlayStation 5 haina pesti, ina chuma cha maji, nacho kinapitisha umeme. Tone moja likidondokea bodi mashine imekufa, na kupaka pesti ya kawaida juu ya mabaki yake ni kuiua polepole. Akikuambia “naifungua mara moja nibadilishe pesti”, chukua mashine yako uondoke, kwa adabu.

Umeme ukikatika wakati mashine inaandika kwenye hifadhi, unaweza kupoteza ulichohifadhi, na wakati mwingine mfumo mzima. Zima ile hali ya kusinzia kwenye mipangilio. Uingereza ni raha, nyumbani ni mtego, kwa sababu mashine iliyosinzia bado inapakua na kuandika. UPS, ile betri ya kushikilia umeme kwa muda mfupi, ya VA 650 inatoa wati 360 au zaidi kidogo. Mashine ikila 200 na televisheni 80, una dakika chache za kuhifadhi na kuzima, na hiyo ndiyo kazi yake. Anayeinunua ili amalizie mechi gizani ataua betri haraka.

Haya yote yana tiba. Lisilo na tiba ni gemu lisilo na diski. Huku mtu mwenye intaneti ya waya isiyo na kikomo anapakua gemu la GB 100 akiwa usingizini na hajui limemgharimu nini. Mwenye bando Buzuruga anajua hadi senti. Tena akaunti yenyewe ya PlayStation haina Tanzania kwenye orodha ya nchi zake, kwa hiyo mchezaji wa Mwanza anajiandikisha kama mkazi wa Afrika Kusini au Uingereza na kununua kadi za huko. Mei 2024 gemu la kisayansi la Helldivers 2 liliondolewa sokoni kwenye duka la mtandaoni la Steam katika nchi zaidi ya 170 kwa sababu hiyo hiyo: hazina huduma ya PSN, mtandao wa PlayStation. Mashabiki wa Ulaya walilalamika kuhusu kulazimishwa kufungua akaunti ya PSN. Wetu hawakuwa na akaunti ya kulazimishwa kufungua.

Krismasi ya 1977 Kenner walichelewa kutengeneza midoli, wakauza bahasha ya kadibodi yenye cheti: tuma kwa posta, utaletewa mwakani. Watu wakacheka, lakini midoli ilikuja. Leo tunauziwa kasha lenye karatasi ya namba za kupakulia, na Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, ina kadi ambazo ndani yake hamna gemu, kuna ufunguo tu. Mchezo wenyewe unaupakua. Afadhali kadi hizo unaweza kumuazima jirani. Namba ikishatumika haiazimiki, haiuziki, haibadilishwi na nyingine. Kibanda cha gemu kinaishi kwa diski inayopita mikono kumi. Kwa hiyo wadau, mkitaka kutuma PlayStation 5 tumeni yenye tundu la diski, hata kama ile isiyo nalo ni nafuu. Unafuu huo atakuja kuulipa mpokeaji kwa bando.

Kuhusu vitu vya mapambo, sioni kwa nini vitoke huku. Meli za anga za Star Wars ya 1977 zilijengwa kwa kubandika vipande vya vifaa vya kuunganisha vifaru na ndege, na upanga wa mwanga wa Luke ulikuwa mpini wa flashi ya kamera ya zamani, Graflex. Ni ufundi wa kuangalia takataka na kuona mashine, na pale Mwanza Makoroboi pamepewa jina na watu wanaogeuza makopo kuwa taa. Anayekata bati na kulehemu koroboi anaweza kulehemu chombo cha anga. Kinachowashinda wengi ni rangi. Kopo lina mafuta na vanishi: likwangue kwa msasa namba 240 hivi mpaka ling’ae, lioshe kwa sabuni, likaushe, lisiguswe tena kwa vidole vitupu. Piga praima ya chuma mara mbili nyembamba, siyo moja nzito, ndipo rangi. Usipulize asubuhi yenye unyevu wala mvua ikikaribia, rangi itatoka na ukungu mweupe. Kuanzia saa nne asubuhi, miezi ya Juni hadi Agosti, ndiyo nafuu.

Na rafu ya shabiki wa Mwanza isikose Nagona (1990) na Mzingile (1991) vya Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe. Mzingile inatembea katika dunia iliyokwisha kuangamizwa, na haihitaji roboti hata moja. Huku kuvipata vitabu hivyo vyembamba ni kazi kuliko kupata mdoli wowote niliotaja.

Kwa anayetuma kwa posta: hesabu ya forodha inaanzia kwenye bei pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa Jumuiya kwa bidhaa zilizokamilika kama hizi ni asilimia 25, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla. Mzigo wa dola 100 unafika dola 147.50 kabla ya tozo nyingine, na atakayelipa ni huyo unayemfurahisha; mtumie na pesa. Ukibeba mwenyewe, toa diski kwenye makasha. Diski moja ina gramu 16 hivi, kwa hiyo hamsini kwenye pochi ya zipu hazifiki hata kilo moja. Padi ifunge kwa nguo, vijiti vyake visibanwe upande mmoja safari nzima, maana ndivyo vinavyoanza kwenda vyenyewe. Betri za akiba na pawabenki ziende begi la mkononi, zisizidi Wh 100, na ncha zake zizibwe kwa selotepu.