"Huduma yenu ni hatari" si malalamiko

Mwandishi, katika makala yako umeeleza vizuri jinsi kampuni zinavyoiachia kompyuta isome maoni ya wateja na kuyatenga: wenye furaha huku, wenye hasira kule. Naomba niongeze la Kiswahili, maana kazi yangu ni kujibu meseji za wateja.

Njia ya zamani ni orodha ya maneno: "nzuri" inaongeza alama, "mbaya" inapunguza. Sasa mteja akaandika, "Huduma yenu ni hatari, mzigo umefika ndani ya saa moja!" Programu yetu ikaitupa kwenye malalamiko. Mwingine: "Hongereni sana, leo siku ya tatu nasubiri." Huyo akahesabiwa ameridhika, na hakuna aliyempigia simu. Iliniuma kweli.

Halafu kuna kukanusha. Kwetu kunajificha ndani ya kitenzi: "nilipenda", "sikupenda". Programu inayowinda "penda" pekee itaona upendo kote kuwili.

Mifumo inayojifunza kwa mifano ina nafuu kubwa kwa sababu huangalia sentensi nzima, ila mifano yenyewe iwe ya kwetu. Mwaka 2023 watafiti walitoa AfriSenti, mkusanyiko wa twiti zaidi ya 110,000 katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ambazo wazungumzaji wa lugha hizo wamezibainisha kama ni chanya, hasi au za kati. Wanaotuuzia programu hizi waonyeshe kwanza kama wamezijaribu kwa maandishi ya namna hiyo. Na pale kompyuta inaposita, meseji apewe mtu aisome.