Dawa ya Dakika Kumi

Shangazi yangu akishaamini kitu, ukoo mzima umeamini. Desemba iliyopita aliamini kipimo cha damu kavu.

Tulikuwa Kibosho kwa Krismasi, kama Wachaga wote wenye nauli. Tarehe 27 asubuhi mbuzi akachinjwa. Nikanywa kisusio, nikahamia kwenye ubavu. Mkono wa kulia ndio uliofanya kazi. Wa kushoto ulishika kata ya mbege.

"Nawa twende mjini, daktari anafunga mapema," shangazi akanikatiza.

Nikanawa kwa maji ya mfereji, bila sabuni. Aliyewahi kunawa mafuta ya mbuzi kwa maji ya Kilimanjaro anajua: hayatoki, yanaganda.

Daktari (tumwite hivyo) alikuwa na chumba nyuma ya soko la Mbuyuni, darubini moja na runinga kubwa kuliko dirisha. Spiriti ilikuwa imemwishia, akanipangusa kidole cha kulia kwa pamba kavu. Chap! Akagusisha kidole kwenye kioo mara nane, matone manane mstari mmoja, akakiweka pembeni kikauke. Huku tukisubiri akanionjesha unga wa kahawia ndani ya maji ya vuguvugu. Uchungu wake mwarobaini ungeomba radhi.

Akatueleza kwamba kila tone likikauka ni ramani ya mwili: duara hili ini, lile figo, na palipo peupe ni sumu.

Basi picha ikatokea runingani. Damu yangu ilikuwa imepasukapasuka kama shamba la Same wakati wa kiangazi, na katikati madimbwi meupe yanang'aa.

"Yesu!" shangazi akashika kifua.

"Una miaka mingapi, kijana?"

"Thelathini na nne."

"Damu yako ina sitini." Akasogeza chupa tatu. Laki na themanini.

Nikatazama kidole changu kwa huruma, nikaona chini ya ukucha kipande cha nyama, kina chumvi bado.

"Daktari, samahani. Huu mkono ndio uliokula mbuzi."

Kimya. Shangazi, ambaye hashindwi, akasema, "Basi toboa wa kushoto."

Kioo cha pili kilipokauka, madimbwi hakuna. Nyufa tu. Daktari akaangalia saa ya ukutani, akatabasamu polepole.

"Mama, umeona mwenyewe? Dakika kumi tu tangu aonje dawa!"

Shangazi akafungua pochi.

Jioni binti yake, mtaalamu wa maabara, alicheka mpaka akaweka sahani chini. Akasema damu ikikauka lazima ijikunje na kuacha nafasi, kutegemea unene wa tone. Chembe nyekundu zenyewe huishi siku 120 hivi, hiyo miaka sitini imetoka wapi? Akasema hospitalini damu kavu ipo kweli: matone ya kisigino cha mtoto hukaushwa kwenye karatasi maalumu, yakapelekwa maabara kubwa kutafuta kirusi cha Ukimwi kwa mashine. Hakuna anayekodolea macho nyufa.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, anatafuna taratibu.

"Sawa, mwanangu. Na mbona cha pili kilitoka safi?"

Pasaka tumepangiwa foleni ukoo mzima. Mimi naenda na sabuni yangu.